Mwaka Ambao Mgongo Wangu Ulikuwa Darasa

Simu ya Ndinda ilinipata nikipepeta ndengu, na kwa vile masikio yangu siku hizi ni ya kuazima, ilibidi aseme mara mbili. "Kavinya, Sista ametuacha. Njoo Kangundo tumvalishe." Nikamuuliza, mimi? Mimi si nesi, sijawahi kuwa nesi hata siku moja. Nimeuza machungwa pale Kyumbi, njia ya Machakos inapokatia, mpaka magoti yakakataa. Ndinda akacheka, kile kicheko cha mtu aliyelia tangu asubuhi. "Aliacha neno kwamba wasichana wake ndio watamvalisha, na wewe uwepo. Wewe ulikuwa mtihani wetu. Tutamzikaje bila mtihani?" Nikaweka ungo chini, nikakaa nikitazama ndengu zile za kijani, na mkono wangu wenyewe, bila kutumwa, ukaenda nyuma ukapapasa mgongo. Huwa unaenda hivyo kila nikisikia jina la Sista Mbithe. Mume wangu, Mungu amrehemu, alizoea. Alikuwa anasema, "Haya, ameanza kuangalia kama mgongo bado uko."

Mambo ya kwetu, nani alimzaa nani na shamba liligawanywa vipi, nitayaruka. Hayo kila mtu ako nayo na yanafanana. Ninalotaka kueleza ni mwaka mmoja tu, ule niliolala. Uhuru ulikuwa bado mtoto wa kutambaa, na mimi nilikuwa msichana mkubwa wa kubeba mtungi, nilipoanza kuhisi mgongo kama umewekewa kaa la moto. Baadaye kikatoka kinundu. Baadaye miguu ikaanza kufa ganzi, na asubuhi moja ikakataa kabisa kunisikia. Wakanibeba kwa kitanda cha kamba hadi ile hospitali ya mlimani juu ya mji wa Machakos, na daktari akasema ni kifua kikuu kimeingia kwa uti wa mgongo. Dawa yake wakati ule ilikuwa sindano kila asubuhi, na kulala. Si kulala usingizi, ni kulala bila kukunja mgongo, mwaka mzima. Walinifunga bendeji zenye plasta mbichi, zikakauka zikawa ngumu kama udongo wa kichuguu, wakazikata pande mbili: nusu ya mgongo, nusu ya tumbo. Nikawa kama njugu ndani ya ganda lake. Nusu ya mgongo ndiyo iliyokuwa kitanda changu. Wakati wa kunigeuza waliweka nusu ya tumbo juu, wakafunga mikanda, wasichana wakasimama huku na huku, wakahesabu, wakanipindua kama chapati. Halafu wanaondoa ganda la juu, mgongo unapata hewa, na mimi nabaki nikitazama sakafu.

Kwa hivyo ujue kwamba mwaka ule nilikuwa na nchi mbili. Nchi ya kwanza ilikuwa dari, yenye doa la maji lililokuwa na sura ya kuku aliyeatamia, na mijusi wawili ambao niliwapa majina ya watu fulani wa kwetu ambao sitawataja kwa sababu mmoja yuko hai. Nchi ya pili ilikuwa sakafu, ya saruji nyekundu iliyopakwa nta, na wakazi wake walikuwa viatu. Nilijua watu wote kwa viatu. Viatu vya daktari vilikuwa virefu kama mitumbwi. Vya Ndinda vilikuwa vikubwa kumshinda, vimejazwa pamba mbele. Vya Sista Mbithe vilikuwa vya kahawia, vya kamba, visigino vimeliwa upande mmoja, lakini vinang'aa hata unaweza kuona balbu ya dari ndani yake. Viatu hivyo havikuwahi kukimbia. Hata mtu akiwa anakata roho, vilienda haraka lakini havikukimbia. Alikuwa anawaambia wasichana, "Mgonjwa akiona nesi anakimbia, anajua amekufa."

Nieleze kidogo, kwa sababu wajukuu wangu huuliza: sista hapa si mtawa. Nesi mkubwa ndiye aliyeitwa sista wakati ule. Mbithe alikuwa mtu wa Kangundo, mwembamba, mweusi wa kung'aa, sauti ya chini. Alisomea unesi ng'ambo, akafanya kazi huko kwa baridi, kisha akarudi, na badala ya kukaa Nairobi na wakubwa akaja kwetu kufungua darasa. Kabla yake wasichana wetu hospitalini walifagia, walibeba vyombo vya haja, walichemsha maji. Yeye alisema atawafanya manesi kamili. Hakuna Mwafrika mwingine aliyekuwa akifundisha kazi hiyo pale, na watu walienda kumtazama kupitia dirishani kama tulivyoenda kuona trekta la kwanza.

Siku ya kwanza ya kuogeshwa sitaisahau hata nikisahau jina langu. Nilikuwa nimelala nikinuka, nisifiche, kwa sababu mtu asiyeweza kwenda chooni ananuka, na nilikuwa nimefunga macho nife kwa aibu, maana walikuja wasichana wa rika langu na beseni. Viatu vya kahawia vikasimama. Sikuguswa. Nikasikia kwa Kikamba, polepole, "Kavinya, habari ya asubuhi. Mimi ni Mbithe, na huyu ni Ndinda. Tunaomba kukuosha. Tutaanza na uso, halafu mikono, na kila mahali tutakuambia kabla hatujafika. Unaturuhusu?" Nikafungua macho. Katika maisha yangu yote hakuna mtu mwenye viatu alikuwa amewahi kuniomba ruhusa. Nilinyamaza kwa sababu sikujua jibu lake linasemwa namna gani. Na yeye akangoja. Maji yanapoa, wasichana wanatazamana, na yeye anangoja. Mwishowe nikasema ndiyo, na hapo tu ndipo mkono ukanigusa. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake ya kwanza kwa darasa: salimia, jitaje, sema unachotaka kufanya, ngoja. Ukigusa mgonjwa kabla hajajibu, unatoka wodini, unaenda nje kusalimia miti mpaka uzoee. Ndinda alisalimia miti ile zaidi ya wenzake wote. Nilimsikia dirishani, "Habari ya asubuhi, mimi ni Ndinda," na wagonjwa wodi nzima wanashika mbavu.

Kitanda cha jirani kilikuwa na Mama Syombua, mwanamke mnene aliyevunjika paja, mguu wake umening'inizwa kwa kamba na uzito. Yeye alikuwa yaya wa Wazungu Nairobi miaka mingi na Kiingereza kilimwagika kwake kama uji. Mimi niliachia darasa la tatu, kwa hivyo redio yangu ilikuwa yeye. Mchana mmoja daktari, Mzungu mrefu mkimya, si mtu mbaya, alisimama kati ya vitanda vyetu na Sista, wakaanza kuzungumza kwa sauti ile ya watu wanaofikiri kitanda hakina masikio.

"Wanasema nini?" nikamnong'oneza Mama Syombua.

"Nyamaza nisikie. Daktari anasema wasichana wako ni wazuri, Sista. Wana heshima. Wanafagia vizuri."

"Na Sista?"

"Anasema hakutoka ng'ambo kuja kufundisha ufagio." Mama Syombua akatega sikio tena. "Daktari anasema wakubwa wa Nairobi wanataka kujua kama hii iitwe shule ya manesi au ifungwe. Anasema yeye hawezi kuweka sahihi. Kazi ya nesi ni ngumu. Anasema mfano, mgonjwa wa kulala mwaka mzima lazima aoze mgongo. Hata kwao Ulaya wanaoza."

"Nani anaoza?"

"Wewe, mwanangu. Wanaongea juu yako."

Nilihisi baridi mpaka kwenye ile miguu isiyohisi kitu. Halafu sauti ya chini ya Sista ikaongea kwa muda, bila kupanda, na Mama Syombua akasahau kunong'ona. "Aiya! Sista anasema, basi huyu msichana awe mtihani. Siku ya kuamka kwake, akiwa na kidonda cha kulala hata kimoja, darasa nitalifunga mimi mwenyewe na funguo nikuletee mkononi. Akiamka safi, wewe unaweka sahihi. Daktari amekubali! Wameshikana mikono! Kavinya, huyu mwanamke ametia shule nzima mgongoni mwako. Na usijikune!"

Jioni, wakati wa uji, viatu vya kahawia vilirudi peke yavyo. Sista akavuta kiti, akakaa, jambo ambalo wakubwa hawakufanya. "Umesikia tuliyoongea?" Nikasema Mama Syombua ametafsiri. Mama Syombua akajifanya analala, akakoroma hata kabla ya kufunga macho. Sista akasema, "Nimeweka ahadi kwa mgongo wako bila kukuuliza. Nawafukuza wasichana kwa kosa dogo kuliko hilo. Kwa hivyo sasa ninakuuliza. Ukikataa, kesho naenda kumwambia daktari nimeharakisha maneno, na hakuna mtu atakukasirikia." Nilitazama dari, kuku wangu wa maji ameatamia mayai yake. Nikasema, "Kama mtanigeuza polepole." Akacheka, na nilikuwa sijamsikia akicheka. "Polepole," akasema, "lakini mara nyingi."

Na kweli ilikuwa mara nyingi. Asubuhi, mchana, jioni na usiku ganda lilifungwa na kupinduliwa. Walinisugua kwa spiriti na poda mpaka wodi ikanuka kama kinyozi. Ndinda aliniambia juzi kwamba siku hizi hawasugui tena, wamegundua haifai, na nikamwambia nyamaza, usiharibu spiriti yangu. Lakini jambo lililonishangaza wakati ule na bado linanishangaza ni la mkono. Kitabu chao cha ng'ambo kilisema nesi atafute wekundu, kwamba ngozi inayotaka kuvunjika huwa nyekundu kwanza. Sista aliwasomea, kisha akakifunga. Nilikuwa nimelala kifudifudi, darasa limenizunguka, viatu kama ng'ombe kwenye josho. "Wekundu wa nani?" akawauliza. "Mtaangalia Mkamba mpaka lini ndio awe mwekundu?" Wakacheka. "Ngozi yetu haipigi kelele. Inaingia giza kidogo, inakuwa ngumu kidogo, inapata joto. Macho yatawadanganya. Geuzeni mkono." Akawafundisha kupitisha mgongo wa mkono, pale penye ngozi laini, kutoka mabegani kushuka, polepole, kama mtu anayepima joto la mtoto. Kila mmoja akapita, akisema kabla. Hilo halikuwa kwenye kitabu. Alilitoa kichwani mwake, kwa kutazama watu wake. Nikifikiria hapo huwa nasimama kama mtu aliyefika chini ya mwamba na kuinua macho.

Kulikuwa na nyanya mmoja aliyeletwa amepoteza fahamu, akawekwa ng'ambo ya wodi nyuma ya pazia. Ndinda alienda kumwosha na Sista akamsimamisha. "Hujamsalimia." Ndinda akasema, "Sista, huyu hasikii." Na ile sauti ya chini ikauliza, "Nani amekuambia hasikii?" Basi tukawa tunasikia kila siku, "Mwaitu, mimi ni Ndinda, nataka kugeuza kichwa chako," na kimya, na kungoja, na maji. Mwaitu ni mama, kwa heshima. Yule nyanya hakuamka, sitadanganya. Lakini alipokata roho nilisikia nyuma ya pazia sauti ya Sista ikiendelea vilevile, bila kubadilika: "Mwaitu, sasa tunakufunga kidevu. Sasa tunakunyoosha mikono." Mama Syombua, ambaye alikuwa na mzaha kwa kila kitu, alivuta shuka mpaka shingoni.

Sasa nifike kwenye punje. Mama mdogo alikuwa anakuja kila Jumapili akitembea, na kiondo chenye isyo ya nyumbani, mahindi na maharagwe, bado ya moto ndani ya majani ya ndizi. Chakula cha hospitali kilikuwa ngima, yaani ugali, na maharagwe yasiyojua chumvi, kwa hivyo isyo ile ilikuwa Krismasi. Alinilisha nikiwa nimelala chali, mkono wake ukinyanyua, mdomo wangu ukingoja kama kifaranga. Alikuwa anaongea sana, mama mdogo, mikono na mdomo pamoja. Jumapili moja punje moja ya mahindi ilidondoka ikaingia kati ya shingo yangu na ganda, na siku zile za kupinduliwa ikateremka, ikateremka, ikakaa chini kabisa kwenye mfupa wa makalio, mahali ambapo mimi sikuwa nahisi hata kisu. Ililala hapo na mimi juu yake.

Ndinda ndiye aliyeipata. Nilikuwa nimepinduliwa, natazama sakafu. Akasema habari, akasema anapima mgongo, mkono ukashuka, ukashuka, ukasimama. Akainua lile ganda la mgongo lililowekwa pembeni alichungulie, kitu kikaanguka, tik, kikaviringika kwenye saruji nyekundu mpaka kwenye kiatu chake chenye pamba. Punje ya mahindi, nyeupe, imelainika. Niliona tone la maji likianguka kando ya punje, halafu lingine.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Kuna joto," akasema. "Kuna joto, na pamekuwa pagumu."

Mama Syombua akanyanyua shingo. "Ngozi imepasuka?"

"Bado."

"Basi paka poda, msichana! Nani ataona? Ngozi yenyewe ni nyeusi, na yule Mzungu anaangalia kwa macho. Paka poda, geuza mtoto, funga mdomo. Unataka shule yenu ife kwa punje moja?"

Viatu vile vikubwa havikusogea kwa muda. Nilitamani apake poda. Nilimwomba Mungu apake. Halafu mkono ukashuka, ukaokota punje, na viatu vikaenda mlangoni, na vilipofika mlangoni vikakimbia. Ndinda alikimbia, yeye aliyekatazwa kukimbia. Akarudi na viatu vya kahawia, na Sista akaomba ruhusa, akapima. Kisha akafanya jambo ambalo Mama Syombua alilisimulia mpaka siku alipotoka na magongo: alimtuma Ndinda amwite daktari.

Daktari akainama. Nilisikia pumzi yake. Akasema kwa kile Kiswahili chake cha kuvunja kuni, "Mimi hapana ona kitu."

"Geuza mkono," Sista akamwambia.

Akageuza. Mkono wake ulikuwa mkubwa na baridi, niliuhisi pale juu ambapo bado nilikuwa na hisia, ukishuka kama alivyoonyeshwa. Ukasimama palepale. Akakaa hivyo muda mrefu. Aliposimama hakuongea Kiswahili, na Mama Syombua akanitafsiria baadaye kwamba alisema, "Ningepita hapo bila kujua." Na Sista akamjibu, "Sasa unajua. Ngozi ikipasuka, nitakuletea funguo."

Nikalazwa kifudifudi, na pale mahali pasiguswe na kitu ila hewa na mgongo wa mkono. Hizo zilikuwa siku ndefu kuliko mwaka. Kila anayepita aliniangalia kama watu wanaotazama wingu wakati wa kupanda. Wasichana walipunguza sauti. Wengine walianza kuulizana kama nyumbani kuna mchumba bado anangoja.

Jumapili mama mdogo akaja, akiwa ameshasikia njiani, kiondo amekificha chini ya leso. Alidhani atafukuzwa. Sista alimsalimia, akamkalisha, akaita darasa lote, akawafungia wanaume mlango. Kisha akavua viatu vile vya kahawia, akavipanga, akachukua ile punje kwa Ndinda, akaiweka juu ya ubao kwenye kitanda kitupu, akalala chali juu yake. Mimi niliona sakafu tu, Mama Syombua ndiye aliyeninong'onezea: mwalimu wa ng'ambo, na sare yake nyeupe yenye wanga. "Leo mgonjwa ni mimi," akasema akitazama dari, labda akimtazama kuku wangu. "Endeleeni kuuliza maswali ya somo la jana." Na akafundisha. Alifundisha habari ya maji na chumvi mwilini, habari ya homa, sauti ileile, bila kusogea.

Mama mdogo hakuvumilia. "Sista, amka hapo, mwanangu. Unaniaibisha."

"Bado, mwaitu. Kavinya hakuweza kuamka."

"Nimeelewa! Naapa nimeelewa!"

"Wewe umeelewa. Mgongo wangu haujaelewa bado."

Jua lilisogea kutoka dirisha moja hadi lingine. Wasichana wawili walikuwa wanalia wazi. Alipoamka, hakuweza kusimama wima mara moja. Akainua sare kidogo, akachukua mkono wa mama mdogo, mkono ule wa jembe, akaugeuza na kuuweka pale. "Unahisi joto?" Mama mdogo akaitikia kwa kichwa. "Hiyo ni ya mchana mmoja, na mimi nina hisia zangu zote. Sasa mlishe mtoto. Chakula cha nyumbani ni dawa, sitakizuia. Lakini ukimaliza, nataka hivi." Akamwonyesha kufagia ganda kwa kiganja kitupu, kutoka kichwani hadi miguuni, macho yamefungwa, maana alisema kiganja husikia vizuri macho yakiwa kimya. Mama mdogo akafagia. Akafagia tena. Akasema kwa sauti ya mtu aliyemaliza palizi, "Haya. Shamba limefagiliwa." Wodi ikacheka kwa mara ya kwanza wiki ile, na kuanzia hapo kila nilipogeuzwa, msichana aliyefagia alitakiwa kutangaza: shamba limefagiliwa! Hata Mama Syombua aliitikia, amina.

Ngozi haikupasuka. Joto lilitoka kidogo kidogo, kama jiwe la jikoni linavyopoa, na asubuhi moja Ndinda alipitisha mkono, akarudia, akasema, "Sipaoni tena. Sista, pamepotea." Miezi ikaenda. Vidole vya miguu vikaanza kuwashwa, na mimi nililia kwa furaha ya kuwashwa. Mpaka siku ikafika daktari akasema mfupa umeshikana, ganda litolewe.

Darasa zima lilisimama ukutani. Niliogeshwa, nikaombwa ruhusa, nikalazwa kifudifudi. Daktari akageuza mkono mwenyewe, bila kuambiwa, akapita kutoka shingoni, mabega, mbavu, mfupa wa makalio, huku na huku. Akanyooka, akavua miwani. "Hakuna," akasema. Wasichana wakafungua midomo wapige vigelegele, na sauti ya chini ikawakata: "Daktari, hujaangalia visigino." Mzungu yule akaona haya kama mvulana. Akarudi, akapiga magoti kwenye saruji nyekundu, akashika kisigino changu cha kwanza, akashika cha pili. Alipiga magoti hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akasema kwa Kiswahili, tena safi, "Sahihi nitaweka leo." Vigelegele vilivyopigwa vilivunja usingizi wa wodi ya wanaume. Mimi sikuona uso wa Sista. Niliona viatu tu. Vilikuwa vimesimama bila kutikisika, lakini kamba moja ilikuwa imefunguka, na siku zote zile sikuwa nimewahi kuona kamba yake imefunguka.

Wengine watasimulia yaliyofuata vizuri kuliko mimi. Darasa likawa shule yenye majengo, wasichana wake wakaenda kila pembe ya nchi, nao wakafundisha wengine. Nimejifungua watoto wangu mikononi mwa manesi nisiowajua, na kila mmoja aliyesema jina lake kabla ya kunigusa nilimuuliza, "Nani alikufundisha?" Akitaja mwalimu wake, nami nikimfuata huyo mwalimu nyuma, na mwalimu wa huyo, mara nyingi nilifika Kangundo. Yeye alistaafu huko, akalima kahawa na parachichi, akapigwa na kiharusi, akalala kitandani miaka mingi. Mpwa wake alimtunza.

Basi siku ile kwenye chumba cha maiti tulikuwa wazee watupu: Ndinda na fimbo yake, wenzake waliobaki, na mimi kwenye kiti. Kijana wa pale, mpole, glavu mkononi, alishika mguu wa Sista atusaidie. Ndinda akamzuia. "Ngoja." Akainama na mgongo wake wa uzee mpaka karibu na sikio. "Sista, habari ya asubuhi. Mimi ni Ndinda. Wenzangu wako hapa, na Kavinya. Tunaomba kukuvalisha. Tutakugeuza kwanza upande wa kushoto." Wote wakangoja.

Kijana akatutazama kwa huruma. "Nyanya, hawa huwa hawasikii."

"Nani amekuambia hawasikii?" Ndinda akamuuliza. Kijana akarudisha mikono nyuma.

Wakamgeuza. Ndinda akaniita, nikajikokota, nikageuza mkono wangu, huu uliomenya machungwa, nikaupitisha kwenye mgongo ule mwembamba. Ulikuwa baridi, nilijua utakuwa baridi. Lakini ulikuwa mzima. Miaka yote ile ya kulala, hakuna mahali palipovunjika. Mpwa wake alikuwa mlangoni, leso mdomoni, akingoja tuseme neno. Nikateremka mpaka miguuni, nikashika kisigino kimoja, nikashika cha pili. Nikamwambia yule mtoto, "Safi. Hata visigino." Akaketi chini sakafuni, akalia kama mtu aliyetua mzigo.

Tulimvalisha sare nyeupe. Alipokuwa tayari, vijana wakaleta jeneza, jipya, kitambaa cha ndani kinang'aa, wakataka kumweka. Ndinda akainua fimbo kuwazuia, akanipa niishike. Akafunga macho. Akaweka kiganja pale kichwa kitakapokaa, akashuka nacho polepole, mabegani, kiunoni, na hapo kikasimama. Akaingiza kidole chini ya mkunjo wa kitambaa, akatoa kipande cha mbao, takataka ya fundi, kidogo kama punje. Akakitazama, akakitia mfukoni. Akafagia tena kutoka juu, mpaka mwisho.

"Shamba limefagiliwa," akasema. Tukaitikia amina, tukamlaza.